Boerboel, Rottweiler au wa kienyeji? Jibu kwa dada wa Uyole

Swali: "Daktari, shikamoo. Tunaishi Uyole, Mbeya, nyumba ya vyumba vitatu yenye ukuta wa tofali, uwanja si mkubwa. Nyuma nina banda la kuku na ng'ombe mmoja wa maziwa. Watoto ni wawili, wa miaka 4 na wa miaka 9, na mama mkwe anaishi nasi, anatembea kwa fimbo. Mume wangu ni dereva wa malori yanayopita Tunduma, kwa mwezi analala nyumbani siku 6 au 7. Mwezi wa tano vibaka waliruka ukuta wakabeba kuku 11 na betri ya sola. Mume wangu anataka Boerboel, ameonyeshwa picha na mwenzake. Jirani anauza watoto wa Rottweiler wenye wiki 5, kila mmoja laki nne. Mdogo wangu anasema nichukue German Shepherd kwa sababu ana akili. Mimi nilikua na mbwa wa kienyeji kwa babu Tukuyu, na sikumbuki kama aliwahi kumuuma mtu. Nichukue yupi?"

Marahaba, dada, na poleni sana kwa kuibiwa. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama mahali pamoja: siku 6 au 7. Anayemtaka mbwa mkubwa hatakuwepo nyumbani zaidi ya siku 20 za mwezi. Mbwa atakayekuja atakuwa wako. Wewe ndiye utakayempikia, utakayemtoa kupe, utakayemkimbilia akitoka getini, na mama mkwe ndiye atakayekutana naye uani asubuhi akiwa na fimbo yake. Kwa hiyo nakujibu wewe kwanza. Mume wako utamsomea akirudi.

Jibu lenyewe nisikucheleweshee: chukua jike chotara, mama yake wa kienyeji na baba yake German Shepherd, au jike wa kienyeji mtupu, mwenye wiki 8 hadi 10, ambaye mama yake umemwona kwa macho yako. German Shepherd halisi anawezekana kwa masharti. Rottweiler wa jirani mwache. Boerboel mwache kabisa, kwa nyumba yako na kwa sasa.

Sasa nieleze kwa nini, maana sitaki ufuate tu kwa sababu daktari amesema.

Mbegu ya mbwa ni kazi iliyorithiwa. Mtu fulani, mahali fulani, alikuwa na shida yake, akazalisha mbwa kizazi kwa kizazi mpaka akapata wa kuitatua. Kazi ile hubaki kwenye damu hata ukimleta mbwa Uyole, ambako shida yenyewe haipo. Rottweiler ametokana na mji wa Rottweil, kusini mwa Ujerumani. Alikuwa mbwa wa wachinjaji: anaswaga ng'ombe, anavuta mkokoteni wa nyama. Ndiyo maana hadi leo hupenda kukuegemea na kukusukuma kwa kifua, hata akiwa na furaha tu. Boerboel ni wa mashamba makubwa ya Afrika Kusini, nyumba moja iko mbali na nyingine, na kazi yake ilikuwa kuamua peke yake nani hapaswi kuwepo pale. Nyumba ya Uyole inaingiwa na watu kutwa: mteja wa maziwa, fundi, watoto wa jirani, shemeji, mzee wa kanisa. Mbwa aliyeumbwa kuamua peke yake atakuwa na maamuzi mengi sana ya kufanya kwa siku moja.

German Shepherd ana historia iliyoandikwa vizuri zaidi. Mwaka 1899 ofisa mmoja wa jeshi la Ujerumani, Max von Stephanitz, alimwona mbwa wa kuchungia kwenye maonyesho ya mbwa mjini Karlsruhe, akamnunua, na huyo ndiye aliyeandikwa wa kwanza kwenye daftari la mbegu hiyo. Kazi yake ilikuwa kuwazunguka kondoo kutwa nzima, kwa mwendo wa mchakamchaka, ili wasiingie kwenye mazao ya watu. Alikuwa uzio unaotembea. Ukimfungia kwenye uwanja mdogo bila kazi, atajitafutia kondoo wake: watoto wanaokimbia, kuku, baiskeli, bodaboda inayopita nje. Akili ambayo mdogo wako anaisifu ni ya kweli kabisa, ila akili isiyopewa kazi inachimba mashimo na kung'oa nguo kwenye kamba.

Na kazi yako wewe ni ipi? Unataka mbwa wa kukuamsha, si wa kupigana. Wale vibaka hawakuja kupambana na mtu. Walikuja kwa sababu palikuwa kimya na giza, wakapata nafasi ya kushika kuku mmoja mmoja mpaka wakafika 11. Kitu cha kuwaharibia ni mbwa anayesikia mguu nyuma ya ukuta na kubweka kabla mtu hajapanda, halafu taa ya uani ikawaka. Kazi hiyo haihitaji kilo 70. Mbwa wa kilo 18 mwenye masikio mazuri anaifanya, na mara nyingi anaifanya vizuri kuliko yale majitu, kwa sababu mbwa wakubwa wa aina ya Boerboel kwa kawaida hawabweki hovyo. Hunyamaza, husubiri, kisha hutenda. Katika nyumba yenye mtoto wa miaka 4, huko kutenda ndiko ninakokuogopea.

Nikusimulie nilichokiona, na sitataja mtaa. Niliitwa kwenye nyumba moja hapa Mbeya kumwangalia Rottweiler dume wa miaka mitatu aliyekuwa amemuuma mtoto wa nyumba ileile mkononi. Mbwa alikuwa amefungwa kwenye mti wa mparachichi. Jambo la kwanza nililoliona lilikuwa ardhi. Mnyororo ulikuwa wa urefu wa kama hatua tatu, na kuuzunguka mti palikuwa na duara kamili, udongo mwekundu mtupu, umekanyagwa mpaka umekuwa kama sakafu. Nje ya duara nyasi zilikuwa za kijani, zimenyooka. Kwenye shina la mti mnyororo ulikuwa umechora mfereji wa kuingiza kidole. Miaka mitatu ya mbwa yule ilikuwa imeandikwa pale. Alikuwa analishwa na kijana wa kazi, na kijana alikuwa amekwenda kwao kwa wiki mbili. Tangu aondoke hakuna aliyethubutu kumkaribia; chakula kilisukumwa kwa ufagio. Mpira wa mtoto ukabingirika ukaingia kwenye duara, mtoto akaufuata.

Jeraha lilikuwa limeshaoshwa na mtoto alikuwa ameshaanza sindano hospitalini, nashukuru. Tukamweka mbwa chini ya uangalizi kwa siku 10, kama inavyotakiwa, kuona kama ana dalili za kichaa. Hakuwa na kichaa. Alikuwa mbwa asiyemjua yeyote katika nyumba aliyokuwa anailinda. Baba mwenye nyumba alinunua mbegu nzuri, kwa pesa nyingi, na mbwa hakuwa na kosa la damu. Alikosa saa za watu.

Ndiyo maana naanza na saa. Kaa chini na mama mkwe mhesabu: nani ana nusu saa ya asubuhi kwa ajili ya mbwa, kila siku, hata mvua ikinyesha? Nani ana nusu saa ya jioni? Wewe una ng'ombe wa kukamua, watoto wa kupeleka shule, na pengine biashara. Nikikadiria kwa barua yako, naona dakika 40 kwa siku, zikiwa zimekatwakatwa. Rottweiler na German Shepherd halisi wanahitaji zaidi ya hapo, na wanahitaji mtu mwenye nguvu ya kushika kamba. Rottweiler dume hufika kilo 50 hadi 60. Akiamua kumfuata mbuzi wa jirani, wewe na kamba mtamfuata yeye. Na ukumbuke ile tabia ya kusukuma kwa kifua: mama mkwe akianguka mara moja akavunjika nyonga, hata kama mbwa alikuwa anamsalimia, hasara hiyo haina fidia.

Kuna na sufuria. Mbwa wa kilo 50 anakula karibu mara mbili ya mbwa wa kilo 20, na dawa ya minyoo, ya kupe na ya usingizi akifanyiwa upasuaji hupimwa kwa kilo. Laki nne ya jirani ni pesa ya siku moja. Chakula ni cha miaka 8 hadi 10.

Nimesema German Shepherd anawezekana, basi nitimize ahadi. Jike wake ana kilo 22 hadi 32, si mzito kupita kiasi. Ana manyoya ya tabaka mbili, na baridi ya Uyole ya mwezi wa sita na wa saba haimsumbui. Sharti la kwanza ni zile saa. La pili ni nyonga: mbegu hii hurithi ugonjwa wa viungo vya nyonga, mbwa akaanza kuchechemea angali kijana, kwa hiyo mwangalie baba na mama wakitembea na kuinuka. Mbwa wa miaka mitano anayeinuka kama mzee, watoto wake usinunue, hata ukipunguziwa bei. La tatu ni maji. Kama mna mpango wa kuhamia kwenu Tukuyu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, manyoya yale yatakuwa na unyevu miezi mingi, na ngozi iliyo chini yake huoza kwa fangasi na bakteria kama haikaushwi. Kyela ni kinyume chake: joto la kandokando ya Ziwa Nyasa litamfanya ahemeke kutwa. Mkoa ni mmoja lakini kwa mbwa ni nchi tatu, na huwa nasikitika mtu anaponunua mbwa kwa picha iliyopigwa kwenye theluji ya Ulaya.

Sasa huyu wa kienyeji, ambaye hakuna anayeniuliza habari zake isipokuwa wewe leo.

Watu humwita mbwa koko na wanamaliza hapo. Mimi nimemfanyia kazi miaka mingi, kuanzia vijiji vya Rungwe mpaka Kilolo, na namheshimu. Huyu hakuzalishwa na mtu kwa ajili ya maonyesho. Amechujwa na nchi. Vizazi kwa vizazi, aliyeshindwa na kupe, njaa na baridi alikufa kabla ya kuzaa, na aliyemng'ata mtoto wa nyumbani hakuachwa aendelee. Waliobaki ni wa kilo 12 hadi 20, manyoya mafupi, masikio mepesi, tumbo linalokubali ugali, na desturi ya kulala jicho moja likiwa wazi mbele ya mlango wa jikoni. Mbwa wa babu yako Tukuyu ambaye humkumbuki akimuuma mtu, hakuwa mbwa wa bahati. Alikuwa analala kwenu, anakula kwenu, anawaona watoto tangu wakitambaa. Alijua nani ni wa nyumbani.

Homa zinazoletwa na kupe huwapiga mbwa wa mbegu za nje kwa nguvu kuliko wa kienyeji aliyezaliwa kwenye mazingira hayo, na wewe una ng'ombe, kwa hiyo kupe unao. Ugonjwa wa parvo, ule wa kuhara damu unaoua watoto wa mbwa kwa siku mbili tatu, unajulikana kuwa unawashambulia zaidi Rottweiler, Doberman na German Shepherd. Lakini usinielewe vibaya. Wa kienyeji naye anakufa kwa parvo. Naye anapata kichaa. Asikudanganye mtu kwamba "huyu hahitaji chanjo, ni wa huku".

Ana upungufu wake pia. Amezoea kuzurura, na usipomfundisha mipaka ya ukuta tangu mdogo ataliona geti kama pendekezo tu. Asiyeshikwashikwa na watu utotoni huwa mwoga, na mbwa mwoga huuma kwa woga. Ndiyo sababu nimeweka chotara mbele kidogo: mara nyingi anapata mwili mkubwa kiasi wa kumfanya kibaka afikirie mara mbili, kilo 20 hadi 28, manyoya mazito kidogo kwa baridi yenu, na hamu ya kumsikiliza mtu. Nasema mara nyingi kwa sababu chotara hana mkataba. Watoto wa tumbo moja mmoja anavuta kwa baba, mwingine kwa mama. Unamchagua mtoto mwenyewe, si jina.

Hapa ndipo nataka utulie, maana uchaguzi wa mtoto mmoja mmoja una uzito kuliko yote niliyoyasema juu.

Kwanza, wiki 5 ni mapema mno. Kati ya wiki ya tano na ya nane mtoto wa mbwa anajifunza kwa ndugu zake kitu ambacho wewe huwezi kumfundisha: meno yanauma kiasi gani. Anamng'ata ndugu, ndugu analia na kuacha kucheza, naye anajifunza kulegeza taya. Aliyetolewa wiki ya tano hukosa somo hilo, na somo atalimalizia kwenye mikono ya mwanao wa miaka 4. Muuzaji anayekuharakisha na watoto wa wiki 5 anakwepa gharama ya chakula cha wiki tatu.

Nenda mara mbili, mara ya pili bila kutoa taarifa. Omba kumwona mama yao akiwa hajafungwa. Akikubwekea mwanzo, sawa, ana watoto. Akitulia mwenye nyumba akiongea naye, ni dalili njema. Akijificha nyuma ya banda akitetemeka, au akikurukia bila kukoma, ondoka. Woga na hasira za mama huingia kwa watoto kwa damu na kwa mfano.

Halafu keti chini, kabisa, kwenye udongo, usiwaite. Subiri. Atakuja mmoja mbio, atakupanda mapajani, atang'ata kamba ya kiatu. Wote watakwambia huyo ndiye. Mwache kwanza. Chukua shada la funguo ulidondoshe chini, hatua moja kutoka walipo. Wote watashtuka, na wanapaswa kushtuka. Unayemtafuta ni yule anayerudi nyuma hatua mbili, anasimama, anainamisha kichwa, kisha anakuja kuzinusa zile funguo. Anayekimbilia chini ya banda asitoke tena atakuwa mwoga. Yule wa kamba ya kiatu ana moyo, lakini atahitaji mtu wa kumsimamia kila saa, na mtu huyo yuko Tunduma.

Mnyanyue huyo mmoja, umlaze chali mkononi, mkono mwingine kifuani. Atajitupa kidogo, kisha alegee ndani ya muda wa kuhesabu hadi 15. Ukiwa umemshika, inua mdomo: ufizi uwe wa waridi, ukiwa mweupe ana upungufu wa damu, kupe au minyoo. Pindua sikio, angalia ndani kwa kupe. Tumbo la mviringo, gumu kama ngoma, kwenye mwili mwembamba, hilo ni minyoo. Linatibika, lakini linakueleza kuhusu muuzaji. Angalia kinyesi uani. Na uulize bila haya kama kuna mtoto wa mbwa aliyefia pale mwaka huu, maana virusi vya parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi. Swali hilohilo jiulize kuhusu uwanja wako.

Nimesema jike. Kwa uzoefu wangu jike anakaa nyumbani zaidi, anazurura kidogo kuliko dume. Kero yake ni joto la kutaka dume, kama mara mbili kwa mwaka, na hapo madume wa Uyole yote watalala getini kwako. Mimba ni siku 63, na watoto wanaweza kuwa 6 au 8. Mfunge kizazi. Kuanzia miezi sita zungumza na daktari wa mifugo akupangie wakati kwa ukubwa wake. Hili usiliahirishe mpaka "azae mara moja kwanza". Hakuna faida ya kiafya anayoipata kwa kuzaa kwanza, na watoto wale ndio wanaoishia kutupwa sokoni.

Chanjo nitaenda haraka kwa sababu daktari atakupangia: ya parvo na distempa, ugonjwa mwingine wa virusi unaoua mbwa, huanza wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa miezi mitatu, kisha kila mwaka kwa utaratibu wa hapa kwetu. Mara nyingi kampeni hufanyika karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, muulize ofisa mifugo wa kata yako. Ila hili wafundishe watoto wote wawili, na watoto wa jirani: wakiumwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote, hata wa nyumbani, wasifiche. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyohiyo. Dalili za kichaa zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Dawa ya minyoo mtoto wa mbwa hupewa kila wiki mbili mpaka wiki ya 8, halafu kila mwezi hadi miezi sita. Minyoo ya mbwa huingia kwa watoto wanaochezea udongo, kwa hiyo kinyesi kizolewe kila siku na mikono inawe.

Chakula: ugali wa dona laini na usipa au dagaa waliosagwa, utumbo uliochemshwa, mboga kidogo, yai siku moja moja. Kwa mtoto mdogo protini iwe nyingi kuliko unavyodhani, asiwe wa ugali mtupu. Ninaloomba kwa moyo wote ni kuhusu mahindi. Nyanda za juu tuna mahindi ya kutosha, na nimeona yaliyoota ukungu yakitengwa, "haya ya mbwa". Ukungu huo una sumukuvu, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika nayo upesi sana. Ini linaharibika, macho na ufizi vinakuwa vya njano, na tunapoitwa tumeshachelewa. Mahindi usiyompa mwanao usimpe mbwa. Mabaki ya mchuzi wenye vitunguu vingi nayo yanamharibia damu. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama sindano. Na kama una mparachichi uani, okota kokwa. Parachichi lenyewe humletea shida ya mafuta mengi, lakini kokwa likimezwa linaziba utumbo, na nimeshazitoa kwa kisu zaidi ya mara moja. Sumu ya panya na dawa za kupulizia viazi ziwekwe juu, pafungwe.

Banda liweke nyuma, kati ya kuku na mlango wa jikoni. Usiliweke getini. Mbwa wa getini anabwekea kila bodaboda, na baada ya wiki mbili hakuna anayeamka. Sakafu iwe ya mbao iliyoinuliwa kiganja kimoja kutoka chini, nyasi kavu zibadilishwe kila wiki, mlango upewe mgongo upande unaotoka upepo. Wa kienyeji na chotara mwenye manyoya mafupi anasikia baridi ya mwezi wa saba kama wewe. Gunia la katani mlangoni linasaidia sana. Mnyororo usimtumie kama makazi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inataka mnyama atunzwe bila kuteswa, na zaidi ya sheria, ulishaona ardhi ilivyokuwa chini ya ule mparachichi.

Kuku na ng'ombe awaone tangu wiki ya kwanza. Ukienda kukamua, mchukue na kamba fupi, alale pembeni. Akimtolea kuku macho, mgeuze kabla hajakimbia. Ukisubiri aonje mbio mara mbili tatu, umeshachelewa. Kijana wako wa miaka 9 mpe kazi ya kweli: maji safi asubuhi na jioni, na kumwita kwa jina akiwa na kipande cha usipa mkononi. Yule wa miaka 4 asiachwe peke yake na mbwa yeyote, hata huyu, mpaka akue. Na mama mkwe ndiye amlishe mlo wa jioni, akiwa ameketi, fimbo ikiwa chini ubavuni. Mbwa akiizoea fimbo ikiwa imelala karibu na bakuli lake, hataiogopa ikiinuka.

Limebaki suala la baba. Naelewa anachokitaka. Mtu anayelala kwenye lori siku 23 anataka kujua kuna kitu kikubwa kimesimama kati ya familia yake na ukuta. Usimwambie amekosea. Mwambie mbwa aliyemchagua atampokea getini kama mgeni kila akirudi saa nane za usiku, na huyu mdogo hatafanya hivyo kama mtaanza pamoja. Panga mtoto aje siku ya kwanza ya likizo yake, si siku ya mwisho. Yeye ndiye ambebe kutoka kwa muuzaji, ndani ya koti lake, mpaka nyumbani. Usiku wa kwanza na wa pili yeye ndiye aamke mtoto akilia. Akiondoka, aache fulana aliyoivaa siku nzima, isifuliwe, uiweke kwenye nyasi za banda, na kila safari aache nyingine. Na kabla hajaondoka afunge taa ya uani yenye kuwaka mtu akipita, upande ule waliokuja wale vibaka.